Nywele za Wiki Moja

Jana jioni nilifungua mlango nikakutana na harufu ya rasta, zile nywele za bandia, zilizounguzwa. Binti yangu alikuwa ametoka kusukwa, na wasichana wa saluni ya pale jirani, kama wasusi wote, walikuwa wamezichoma ncha kwa kiberiti na kuzichovya kwenye maji ya moto. Ni harufu ya plastiki, nywele na mvuke kwa pamoja. Haipendezi, na ikishaingia kwenye mapazia haitoki leo wala kesho. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu imejaa, mkoba ungali begani, na badala ya kwenda kubadilisha nguo nilikaa kwenye kochi hivyo hivyo nilivyo. Binti akaja akageuka huku na huku mbele yangu. Akauliza kama amependeza, nikasema amependeza. Akauliza mbona nimenyamaza, nikasema nimechoka tu, jibu ambalo siku hizi nalitoa bila hata kufikiri, na kwa bahati mbaya ni la kweli kila mara.

Yeye Jumatatu ataingia darasani na nywele zake kichwani. Shule yake inaruhusu, mradi ziwe nadhifu na zisimwangukie usoni. Nilimtazama akijipiga picha mbele ya kioo, nikajikuta nimemwonea wivu mtoto wangu mwenyewe, wivu mdogo wa kijinga, na nikajua kabisa umetoka wapi.

Wenzangu tuliosoma shule za serikali mnakumbuka. Kichwa cha mwanafunzi kilikuwa mali ya shule. Ukionekana na nywele za kushikika, mwalimu wa zamu alikuchana njia moja kwa mkasi pale pale mstarini, kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, halafu ukaenda kumalizia mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo mwaka mzima tuling'aa vichwa, wavulana kwa wasichana, hata mgeni alitutofautisha kwa sketi na kaptula. Mitihani ya mwisho wa mwaka ikishakwisha walimu walijifanya hawaoni, na hapo ndipo nywele zetu zilipopata nafasi ya kuota. Zilikuwa na likizo moja tu, ile ndefu ya Desemba.

Tatizo ni kwamba nywele haziendi na kalenda. Krismasi ilifika zikiwa bado vipilipili. Mwaka Mpya ulifika zikiwa zimeanza kuinuka, na ilikuwa ni baada ya hapo, katikati ya joto kali la Januari, ndipo fundi mwenye mkono hasa aliweza kuzishika. Halafu shule zinafunguliwa. Mtoto mwenye nywele za kurithi alipata muda wa kuringa. Mimi ambaye zangu zilikua kwa kusitasita nilikuwa na nywele wiki moja kwa mwaka, tena wiki hiyo ikiwa imekaa vizuri.

Na mama yangu alikuwa msusi.

Tulipanga vyumba viwili Tabata, kwenye nyumba yenye baraza mbele, na baraza hilo ndilo lilikuwa saluni yake. Mwezi wote wa Desemba halikukauka watu. Walianza akina mama wa kanisani waliotaka kuwahi Krismasi, wakafuata wale wa ofisini, wakafuata akina dada wa Mwaka Mpya, na katikati yao wote zilichomekwa harusi, maana Dar harusi hazisubiri msimu. Mama alikaa kwenye kiti kifupi, mteja akakaa chini kwenye mkeka katikati ya magoti yake, na wengine walikaa kwenye benchi wakisubiri zamu huku wakiwasema waume zao. Mimi nilikuwa mchambuzi wa rasta. Nilifungua fungu, nikalivuta ncha lisiishie mahali pamoja, nikaligawa vishungi vidogo vidogo na kuvitundika kwenye mgongo wa kiti, tayari kwa mkono wa Mama. Kaka yangu Deo alichota maji na kutumwa dukani. Kazi yangu niliipenda kwa sababu ilinipa haki ya kusikia mazungumzo ambayo mtoto hakutakiwa kuyasikia.

Nisije nikaonekana nalalamika, likizo ile ilikuwa tamu. Mchana jua lilipokuwa linachoma lami tulilala kifudifudi kwenye sakafu ya korido, tumbo wazi, tukinyonya barafu za ukwaju kwenye vifuko mpaka ulimi ukachubuka. Jua likipungua tuliingia kwenye kiwanja cha nyuma kucheza rede, na nilikuwa hodari wa kukwepa mpira, naweza kusema hivyo bila haya. Tukichoka rede ilikuwa kombolela mpaka tuitwe kuoga. Tulivaa nguo za Krismasi kila siku mpaka zikapauka. Hakuna aliyetuuliza tumesoma nini. Nikikumbuka sasa nahisi kama ni watu wengine kabisa, watu wasiojua mgongo unauma upande gani.

Baba alikuwa dereva wa Kenta, lori dogo la tajiri mmoja wa soda. Alirudi alasiri shati limegandana mgongoni kwa jasho la kupakia na kupakua, akavua viatu, akaegemea nguzo ya baraza, akamtazama Mama aliyekuwa bado na kichwa cha mtu mapajani.

"Nyie wenzangu raha," alisema. "Kivuli, upepo, stori. Mmekaa tu kutwa nzima."

"Njoo basi ukae na wewe," Mama alimjibu bila kuinua macho, na benchi zima likacheka.

Hakusema kwa ubaya. Baba hakuwa mtu wa ubaya. Aliamini hivyo kweli, na mimi niliamini pamoja naye. Kwa akili zangu za wakati ule, mtu huchoka kwa miguu au kwa mgongo wa kubeba mizigo. Aliyekaa anapumzika. Mama alikuwa anapumzika tangu asubuhi mpaka jua linazama, na nilishangaa kwa nini mtu aliyepumzika kiasi hicho halali chali kama Baba bali anakula kimya, akishika kijiko kwa vidole viwili.

Tena kila jioni aliweka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akatia chumvi, akazamisha vidole na kufumba macho. Nilijua kabisa hiyo ni nini. Ilikuwa dawa ya ususi. Niliamini amerithi kwa bibi yake kule Mbinga, na kwamba ndiyo iliyofanya mkono wake uende haraka kuliko wa wasusi wengine. Akishaondoka nilichutama kwenye beseni lile na kuzamisha vidole vyangu, nikavifumbia macho kama yeye, kisha nikaenda kujaribu kusuka nyuzi za pindo la taulo. Na kweli niliona vinakwenda haraka zaidi. Nilifanya hivyo likizo nzima na sikumwambia mtu.

Nilichotaka mwaka ule kilikuwa kimoja, kusukwa. Siyo twende kilioni, ile mistari ya haraka haraka inayosukwa mtu akipata dharura. Nilitaka rasta za kuning'inia mabegani kama za watu wazima. Mwaka uliotangulia nilinyolewa bila kuguswa, na mwaka wa nyuma yake vile vile. Rafiki yangu Shufaa, wa nyumba ya pili, alisukwa na mama yangu kabla hata ya Krismasi, maana zake zilikua upesi, akatiwa shanga nyeupe nchani zilizogongana kila alipokimbia. Shufaa alikuwa anasoma madrasa, Krismasi haimhusu, lakini Krismasi ilimkuta amesukwa, na mimi niliyebatizwa nilikwenda kanisani nimefungwa utepe kwenye vipilipili.

Kila nilipomwomba, Mama alinishika kichwa, akavuta kidogo kwa ncha za vidole, akasema, "Bado hazishikiki."

Mama Shufaa alinichokoza mbele ya benchi zima. "Mama Deo, huyu wako vipi? Au unamsubirisha Pasaka?"

Wakacheka, na nikaingia ndani nisionekane. Nilikuwa nimekwishaamua kwamba "hazishikiki" ni lugha ya kumfukuza mtu asiye mteja. Wateja wenye nywele fupi kuliko zangu walikuja na zikashikika, niliwaona kwa macho yangu. Sikuona kwamba baada ya vichwa hivyo ndipo alipovifunga vidole kwa plasta. Hilo nimeelezwa ukubwani na msusi mwingine kabisa, kwamba nywele fupi ndizo zinazomla fundi, kwa sababu anashika kwa kucha na kuvuta kwa nyama ya kidole. Niliposikia ilibidi nitazame pembeni.

Baada ya Mwaka Mpya Baba alikuja na habari. Tajiri wake amemruhusu kutumia gari Jumamosi, ile ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Watoto wote wa nyumba yetu na za jirani watapakiwa nyuma ya Kenta waende ufukwe wa Coco, waogelee, wale mihogo, warudi alasiri, maana gari linatakiwa kulala kwa mwenyewe. Deo alirukaruka mpaka akapigwa kofi la utulivu. Mimi nilipiga hesabu. Jumatatu shule. Jumapili kunyolewa, kama kila mwaka. Ina maana siku ya kuonekana na nywele, mbele ya watu, mbele ya bahari, ni hiyo Jumamosi na hakuna nyingine. Nilimfuata Mama jikoni.

"Ijumaa mchana nakusuka," alisema. Akanishika kichwa, akavuta. "Sasa zinashikika."

Sijui kama nimewahi kupewa habari njema kuliko hiyo. Nilichambua rasta zangu mwenyewe, nikazitundika peke yake kwenye msumari nyuma ya mlango.

Ijumaa mchana akaingia Mama Shufaa, nyuma yake ameongozana na akina dada wa harusini. Bibi harusi ni mtoto wa dada yake, msusi waliyeahidiana naye amewazimia simu.

"Mama Deo, mie nipo chini ya miguu yako," alisema. "Usinitie aibu kwa wakwe."

Mama alinitazama kwa juu ya mabega yao. Nilikuwa nimekwishakaa kwenye mkeka, kitana mkononi. Nikanyanyuka mwenyewe, kwa sababu nilikuwa mtoto wa msusi na nilijua taratibu. Nikaanza kuwachambulia rasta zao. Nilichambua huku machozi yanadondoka na dada mmoja akadhani nimeingiwa na kitu jichoni. Walimaliza jua limezama. Mama hakuweka hata yale maji ya chumvi. Alisimama mlangoni amejishika kiuno akasema, "Kesho asubuhi, mwanangu. Kabla baba yako hajawasha gari."

Na asubuhi akafanya kama alivyosema. Alikaa kwenye kochi la sebuleni, kwa sababu barazani wateja wangemwona, akashusha pazia, akaniweka kwenye mkeka katikati ya magoti yake. Jagi la maji ya moto pembeni, mafuta ya mgando, kitana. Nilimsikia anapumua kwa nguvu kila aliposhika shungi jipya. Alianzia kisogoni akawa anapanda. Inauma, nywele fupi, macho yanavutika mpaka unaona kama umekuwa Mchina, lakini nilikuwa nimefunga mdomo. Nje Kenta ilikuwa imeshafika na watoto wanapandishwa. Nilimsikia Shufaa na shanga zake. Redio ilikuwa inaimba. Nilihesabu kichwa changu kwa hisia, nyuma kumekwisha, masikioni kumekwisha, imebaki mbele.

Hapo vidole vikasimama.

Nilidhani anachagua rasta. Nikasubiri. Halafu nikasikia pumzi yake imebadilika, imekuwa ndefu, ina sauti. Nikageuza macho tu, bila kichwa, nikaona kwenye kioo cha kabati. Mama alikuwa ameegemeza kichwa nyuma kwenye kochi, mdomo wazi, na mkono wake ungali kwenye nywele zangu, rasta imejizungusha kwenye kidole, msuko haujafika hata katikati.

Deo aliingia mbio kuniita. Nikaweka kidole mdomoni. Akatoka, na baadaye kidogo akaja Baba mwenyewe, funguo zinalia mkononi, tayari kwa kusema.

"Mama Deo, jua hilo li..."

Alisimama pale mlangoni akimtazama mke wake, nikamwona macho yanashuka kutoka usoni mpaka mkononi, kwenye zile plasta. Akafumba kiganja, funguo zisilie. Kisha akavua viatu, akaja akachutama mbele yangu. Baba huniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Mama," alininong'oneza. "Unataka kwenda?"

Nikatikisa kichwa kukubali, na ule mkono ukakaza. Baba alijaribu kuufungua, kidole kimoja kimoja, polepole kama anayetoa mwiba. Mama aliguna usingizini akashika zaidi. Baba akaacha. Tulitazamana. Nje watoto wamekwishaanza kuimba, kina mama wamekaa na vikapu vyao, gari la watu linasubiri. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba waende.

Msinipe sifa nisizostahili. Sikufanya hivyo kwa huruma. Nilipiga hesabu ya kitoto: nikijitoa ataamka, akiamka ataona muda umekwisha, atanifunga kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa nusu na kunipandisha garini, na kesho nitanyolewa. Lakini nikitulia, atasinzia kidogo tu, aliyekaa hawezi kuwa amechoka sana, ataamka, atamaliza, na Baba atanirudia. Niliamini hivyo kabisa, kwamba baba yangu ataacha gari zima la watu ufukweni arudi Tabata kunichukua.

Baba alizima redio. Akatoka na viatu mkononi. Nikasikia kelele za nje zinakatika moja baada ya nyingine, kama mtu anayezima taa za nyumba. Halafu nikasikia tairi zinasaga changarawe, na hakuna mlio wa injini. Deo alinisimulia baadaye. Baba alikuwa amewashusha wanaume waliokuja kusindikiza, wakaisukuma Kenta kwa mikono, ina watoto ndani, mpaka kwenye barabara kubwa, ndipo akaiwasha huko. Sijawahi kumwona baba yangu akimkumbatia mama yangu. Lile la kusukuma gari ndilo ninalolijua.

Nilikaa. Kwanza niliwasikiliza, kisha sikuwa na cha kusikiliza. Mguu wa kulia ulikufa ganzi, ukafufuka, ukafa tena. Sisimizi walipanga safari kwenye ukingo wa mkeka na nikawaruhusu wapite juu ya kidole. Jasho lilishuka mgongoni. Dada mmoja alibisha hodi nje, akasogeza pazia, akatuona, akalirudisha pazia taratibu kama aliyeingia bafuni akakuta kuna mtu. Nilimchukia Mama. Nilimchukia Mama Shufaa na bibi harusi wake ambaye hata sikumjua. Nililia bila kutikisa mabega, ufundi niliojifunza siku hiyo. Halafu, sijui baada ya muda gani, nikawa silii tena. Nilikuwa nausikiliza ule mkono. Ulikuwa mzito na wa moto, na kila baada ya muda kidole kilishtuka chenyewe, kikajaribu kusuka, kikaacha. Hata usingizini kilikuwa kazini. Nilikaa nikiwaza kwamba mtu akiwa anapumzika kutwa nzima, vidole vyake havifanyi hivi. Sikuliwaza kwa maneno hayo, lakini nililiwaza, na tangu hapo sikuzamisha tena mkono kwenye beseni lake.

Niseme mapema ili asiwepo wa kusubiri muujiza: bahari sikuiona mwaka ule. Jumapili baada ya ibada wasichana wote wa mtaa walipangana kwenye benchi letu, na Mama akachukua mkasi na wembe akaanza kubomoa Desemba yake yote, kichwa kimoja baada ya kingine. Shanga za Shufaa ziliwekwa kwenye kopo la mwakani. Rasta na nywele zilirundikana sakafuni, Deo akazifagia. Mimi nilikuwa wa mwisho. Rasta zangu zilikuwa zimelala usiku mmoja tu na bado zinavuta ngozi. Mama alinimwagia maji, akapaka sabuni, akapitisha wembe kwa utulivu ambao hakuwapa wengine, na alipomaliza aliacha kiganja chake juu ya kichwa changu, kikakaa pale. Mambo ya jana yake hatukuyazungumza, si siku hiyo wala nyingine.

Jumatatu nilivaa sketi ya bluu yenye harufu ya dukani na viatu vilivyonibana. Mwalimu wa zamu alipita mstarini akitupapasa vichwa, akaridhika. Shufaa aliniambia yote, mipira ya tairi ya kuelea, mihogo na pilipili, Deo alivyokunywa maji ya chumvi akatapika. Nilisikiliza kama mtu anayesimuliwa nchi za nje. Nilikuwa na vipele vidogo kwenye paji la uso, vile vya kusukwa kwa kukaza, na pale mstarini waliokuwa navyo tulitambuana. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha kuonyesha kwamba nilikuwa na nywele. Kufika Ijumaa vilikuwa vimekauka.

Siku hizi huwa nasinzia kwenye kochi mkoba ukiwa begani. Nakaa ofisini kutwa nzima, kwenye kiti chenye magurudumu, na nikirudi siwezi kushika kikombe kwa mkono mmoja. Wanangu wanapita mbele yangu na televisheni imeachiwa sauti. Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia.

Lakini kuna sehemu moja ya ile Jumamosi ambayo sijawahi kumsimulia mtu, hata Deo. Ni pale alipoamka.

Vidole viliamka kwanza. Nilihisi msuko unaendelea kutoka pale pale ulipoachwa, taratibu, halafu kwa kasi. Ndipo nikasikia sauti yake, nzito bado.

"Nilisinzia."

"Kidogo tu," nikasema.

"Baba yako ameshawasha gari?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, moja juu ya jingine, na nilitaka yamwume. Kwenye kioo cha kabati nikamwona anapangusa udenda kwa mgongo wa mkono, haraka haraka, ameona haya, kama mtoto aliyekutwa na mwalimu.

"Bado, mama," nikasema.

"Mbona kimya?"

"Wanasubiriana."

Akavuta pumzi ya mtu aliyenusurika. Akashika shungi jipya na kuanza kusuka kama ambavyo sijawahi kumwona akimsuka mteja yeyote, kitana mdomoni, magoti yamenibana mabega nisitikisike. Pazia lilikuwa limeshushwa, jua halikuonekana liko upande gani. Alichovya kidole kwenye jagi.

"Haya maji nayo mbona yamepoa upesi hivi."

"Niliacha wazi," nikasema.

Alisuka, mimi nikawa namkabidhi rasta moja moja kutoka mapajani mwangu, na tulikwenda vizuri, sijawahi kufanya naye kazi vizuri namna ile. Kisha kwa mbali, kutoka upande wa barabara kubwa, nikaisikia Kenta. Inapiga honi. Watoto wanaimba, sauti zimekauka kwa chumvi ya bahari na kelele. Ikakata kona ikaingia mtaani kwetu.

Mama akaongeza kasi.

"Haya, hao wanaondoka," alisema. "Tulia mwanangu, zimebaki mbili tu hapa mbele. Usigeuke. Nimeshamwambia baba yako, hawawezi kwenda bila wewe."

Nikainamisha kichwa, nikampa rasta nyingine.